Filamu kwa Fedha za Umma: Kutoka Vugiri hadi Shirika la Filamu Tanzania

Historia ya filamu zilizotengenezwa Afrika Mashariki kwa msaada wa vyombo vya umma inaweza kusimuliwa kuanzia Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, mwaka 1935. Hapo ndipo yalipowekwa makao ya mradi ulioitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, ambao katika vitabu hujulikana kwa kifupi kama BEKE. Mradi ulidumu hadi 1937, na tangu mwanzo ulikuwa wa kanda nzima: ulihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Uliasisiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, serikali za makoloni na makampuni ya migodi ya shaba yakiongezea, na Lord Lugard ndiye aliyeongoza baraza lake la ushauri huko London.

Wazo lenyewe lilizaliwa migodini. Mwaka 1932 Mmarekani J. Merle Davis aliongoza uchunguzi kuhusu maisha ya Waafrika waliokuwa wakihamia kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Vijana walikuwa wakiacha vijiji vyao kwa maelfu, na Davis akaona kwamba sinema ingeweza kuwaelimisha wenye kuhama na wenye kubaki pia. Palikuwa na hofu nyingine ambayo wakubwa wa kikoloni hawakuificha: filamu za Marekani zilizoonyeshwa kambini ziliwaonyesha Wazungu wakilewa, wakiiba na kupigana risasi, na hilo lilidhaniwa kuwashushia heshima watawala. Filamu zilizotengenezwa na mkono wa mtawala zingeiondoa hofu hiyo. Kazi ya uwanjani ilikabidhiwa kwa Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa meneja wa mashamba ya mkonge na ambaye tangu miaka ya 1920 aliwaza kuitumia sinema kuwatuliza vibarua wake. Upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyewahi kusimamia elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini.

Kwa muda mfupi wa uhai wake mradi ulitengeneza filamu 35. Orodha yake inaeleza vizuri ni nani aliyechagua mada: kulipa kodi, minyoo ya safura, malaria kwa watoto wachanga, kilimo cha kahawa, ugonjwa wa mifugo, mbegu bora, kazi ya chifu. Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mafunzo yalivyotiwa ndani ya hadithi. Katika filamu kuhusu benki ya akiba ya posta, mtu mmoja anaifukia fedha yake ardhini, mwizi anamwona na kuifukua. Mwenzake anaipeleka posta na anaikuta salama siku anapoihitaji. Hadithi ni fupi, wahusika ni wawili watatu, na waigizaji ni watu wa kawaida waliopatikana papo hapo. Ukiondoa tangazo la posta lililomo ndani yake, ni umbo lile lile la ngano ya mjinga na mwerevu ambayo kila mtoto wa pwani na bara aliikuta kwa bibi yake, na bila shaka hicho ndicho kilichowafanya watu wacheke na kuielewa.

Ufundi wake unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ulitokana na shida ya lugha. Filamu zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 uliotumika katika majumba ya sinema. Sauti haikuwekwa kwenye mkanda wenyewe. Maelezo na mazungumzo yalirekodiwa kwenye santuri, na wakati wa maonyesho santuri ilizungushwa sambamba na picha. Kwa njia hiyo mkanda mmoja uliweza kusema Kiswahili leo, Kikuyu kesho na Kibemba mwezi ujao, kwa kubadilisha santuri tu. Udhaifu wake ulikuwa hapo hapo. Mkanda ukikatika katikati ya onyesho na kuungwa, picha kadhaa hupotea, santuri haijui, na tangu hapo maneno na vitendo havikutani tena. Mwendeshaji alilazimika kuwa mwepesi wa mikono na wa masikio, akiinua sindano na kuishusha mahali anapokisia kuwa ndipo.

Kuanzia Septemba 1935 hadi Februari 1936 lori la mradi lilizunguka nchi zote tano likiwa na projekta, skrini na jenereta. Lilifanya maonyesho yapatayo 95 mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kuwa makumi ya maelfu, wengi wao wakiiona picha inayotembea kwa mara ya kwanza. Kwa watu waliopata habari za serikali kupitia akida na baraza la chifu, jioni ile ya lori ilikuwa jambo kubwa. Notcutt na Latham walirudi na pendekezo kwamba pawe na chombo cha kudumu, chenye ofisi kuu na vikosi vya utengenezaji katika kila koloni. Serikali husika zilipoulizwa kama zingebeba gharama hizo baada ya fedha za Carnegie kwisha, hazikuwa tayari. Mwaka 1937 Vugiri ikafungwa.

Miaka miwili baadaye Vita vya Pili vya Dunia vilibadili msimamo huo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, ambaye alikuwa ametengeneza filamu za afya nchini Nigeria. Kazi ya kwanza ya kitengo hicho ilikuwa propaganda ya vita, kisha kikahamia kwenye afya, kilimo na maendeleo ya vijiji. Sellers alikuwa na nadharia iliyotawala utengenezaji wa filamu za kikoloni kwa karibu miaka 15: kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo kila picha ikae muda mrefu, kamera isisogee ovyo, na jambo lionyeshwe kwa hatua bila kuruka. Ilisimuliwa mara nyingi kwamba watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa na kujaza skrini walijibu kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho.

Nadharia hiyo haikupatana na yaliyokuwa yakionekana mitaani. Unguja ilikuwa na jumba la kisasa la sinema tangu 1921, na katika miaka ya 1930 na 1940 watu wa Mji Mkongwe, Ng'ambo, Tanga na Dar es Salaam walikuwa wakipanga foleni kutazama filamu za Kihindi, za Misri na za Marekani. Walizifuata hadithi ndefu zenye nyimbo katikati, zilizokatwakatwa kwa ustadi wote wa Bombay, Kairo na Hollywood, katika lugha ambazo wengi wao hawakuzijua, na wakarudi nyumbani wakisimulia kisa chote. Sellers na wenzake waliwatazama wanakijiji waliokuwa wakiiona sinema kwa mara ya kwanza, wakauchukua ugeni huo kuwa ni akili ya bara zima. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na liliwanyima watu filamu nzuri kwa kisingizio cha kuwasaidia.

Baada ya vita magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka wilayani. Mtu muhimu kuliko wote katika msafara alikuwa mkalimani, aliyesimama kando ya skrini na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Huyo ndiye aliyeufanya mkanda wa Kiingereza uwe wa wenyeji: aliongeza majina ya watu wa hapo, akatania, akauliza maswali, na pengine akageuza maana ya alichoagizwa kusema. Utaratibu huo ulirudi miaka 50 baadaye katika mabanda ya video, watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walipojipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za nje kwa sauti yao juu ya sauti ya filamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu njia tofauti kabisa, nayo ndiyo sura inayokumbukwa kwa mapenzi zaidi. Badala ya filamu za mafunzo tu, iliingia mkataba na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg itengeneze filamu za burudani kwa Kiswahili, zenye waigizaji Waafrika na visa vya maisha ya Tanganyika. Zikatoka filamu kama Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Muhogo Mchungu. Nyota wa Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, alikuwa kijana mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Sura yake ilijulikana wilayani kupitia skrini kabla haijajulikana kwenye majukwaa ya siasa. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, na Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipong'atuka kwa muda ili akijenge chama, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi ya Waziri Mkuu. Ni nchi chache duniani ambazo nyota wa filamu zake za mwanzo alifikia cheo hicho.

Muhogo Mchungu na zile za kundi lake zilikuwa na mipaka yake. Waongozaji na wapiga picha walitoka nje, mipango ilipitia kwa maofisa wa kikoloni, na mkataba ulipokwisha hapakuachwa studio wala fundi Mwafrika aliyefunzwa kuongoza filamu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo zilithibitisha jambo ambalo Vugiri iligusia tu: filamu ya Kiswahili yenye kisa cha kufurahisha hupata watazamaji pwani hadi bara, bila kutegemea nadharia yoyote kuhusu akili zao.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, filamu ilihesabiwa miongoni mwa vyombo vya kujenga taifa. Kitengo cha filamu cha serikali, chini ya wizara ya habari, kilipiga picha za ziara za viongozi, sherehe, miradi ya kujitolea na kampeni za kufuta ujinga. Magari ya sinema hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni ujumbe na anayeutoa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 hatua kubwa zaidi ilifuata: mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Filamu Tanzania, lililozoeleka kama TFC. Lilipewa kazi ya kuingiza filamu nchini, kuzisambaza kwenye majumba ya sinema, na kutengeneza filamu za Kitanzania. Kwa maandishi, mpango ulikuwa wa busara. Mji kama Dar es Salaam ulikuwa na majumba mengi yaliyojaa watu kila Jumapili, na filamu za Bombay zingeweza kuzaa fedha za kutengenezea filamu za nyumbani.

Mwaka 1974 kiliongezwa chombo cha pili, Taasisi ya Picha na Sauti, iliyojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Denmark. Hiyo ilikuwa na vifaa ambavyo nchi haikuwahi kuwa navyo: kamera, vyumba vya kuhariri na kurekodi, na maabara ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe za milimita 16. Vijana wa Kitanzania walipata pa kujifunzia kazi kwa mikono yao. Lakini maabara ile haikusafisha filamu za rangi. Mkanda wa rangi ulipaswa kusafirishwa Ulaya, ulipiwe huko kwa fedha za kigeni, kisha urudi. Mwongozaji alikaa wiki nyingi bila kujua kama picha aliyoipiga imetoka au imeungua. Mwigizaji akiwa ameshanyoa ndevu na mvua zimeshaanza, hapakuwa na kurudia.

Filamu ndefu iliyojulikana zaidi ya TFC katika miaka hiyo ni Fimbo ya Mnyonge, ya katikati ya miaka ya 1970. Mhusika wake, Yombayomba, anatangatanga akitafuta riziki, anaikosa mjini, na mwishowe anaipata katika kijiji cha ujamaa. Ni filamu ya sera, na haijifichi. Ilitoka wakati operesheni ya vijiji ikihamisha mamilioni ya watu, na mtazamaji wa leo huiona kama hati ya kihistoria kuliko kama mchezo. Taasisi ya Picha na Sauti nayo ilitoa Wimbo wa Mianzi na Yomba Yomba katika miaka ya 1980, na vyombo hivyo vya umma ndivyo vilivyoacha kumbukumbu ya picha ya Vita vya Kagera.

Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria Namba 4 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Iliweka utaratibu wa vibali kwa mtu yeyote anayetaka kupiga filamu, ikataka muswada uwasilishwe kabla ya kazi kuanza, na ikaunda bodi ya ukaguzi. Sheria hiyo imekuwa na maisha marefu kuliko chombo chochote cha utengenezaji kilichotajwa hapa. Bodi ya Filamu ya leo imetokana nayo. Yaani nchi ilipata mkaguzi wa kudumu kwa sheria ya Bunge, wakati mtengenezaji alitegemea bajeti ya mwaka na hisani ya mfadhili. Hapo ndipo penye kiini cha udhaifu wa miaka yote hii.

Miaka ya 1980 ilidhihirisha udhaifu huo. Vita hivyo vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya hata mikanda mitupu iwe bidhaa adimu. Nchi iliyokosa vipuri vya mabasi isingeweza kuagiza filamu ghafi. Hata hivyo kazi bora za kipindi kizima zilitoka wakati huo huo wa dhiki, kwa njia ya ushirika. Arusi ya Mariamu ya 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, ni filamu ya muda mfupi kuhusu mwanamke mwenye ugonjwa usiotibika hospitalini na uhusiano wake na tiba ya jadi. Ilifika Ouagadougou katika tamasha kubwa la filamu za Afrika na kupata tuzo. Martin Mhando na Sigve Endresen wa Norway wakafuata na Mama Tumaini. Katika filamu hizi mtu anaugua, anapenda, anasita, na hakuna bwana shamba anayetokea mwishoni kumpa jibu. TFC ilishiriki kwa watu, vibali na vifaa. Fedha nyingine na maabara zilikuwa za mgeni.

Biashara ya kuagiza filamu na mikanda ilipofunguliwa, TFC haikuwa tena na lango la kulinda. Video ilikuwa imeshaingia majumbani na mabandani, majumba ya sinema yakawa maghala na kumbi za ibada, na shirika likafifia. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifika Bara mwaka 1994, tena kwa mitaji ya watu binafsi. Hivyo filamu za Kitanzania zilipofufuka, hazikufufuliwa na chombo cha umma. Girlfriend ya 2003, iliyoongozwa na George Tyson na kuwatumia wanamuziki wa Bongo Fleva, ilifungua njia. Baada yake wafanyabiashara wa Kariakoo walilipia, wakadurufu na kusambaza mamia ya filamu za video, na Steven Kanumba akawa jina la kanda nzima hadi kifo chake Aprili 2012. Serikali iliingia baadaye, na ilianza upande wa kodi: kanuni za 2013 ziliweka stempu kwenye kazi za filamu na muziki. Tangu 2022 Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii, hatua ambayo waandaaji walikuwa wakiidai kwa miaka mingi.

Filamu zenye gharama kubwa bado hutafuta fedha nje. Maangamizi ya Mhando na Mulvihill, iliyokuwa ya kwanza kuiwakilisha Tanzania kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2001, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto, zote ni kazi za ubia wa nchi kadhaa. Ubia si aibu. Ulaya nayo hutengeneza filamu zake hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtengenezaji wa Ulaya huenda mezani akiwa na fungu la mkoa wake au nchi yake mkononi, naye ana sauti katika mkataba. Mwenzake wa Dar es Salaam au Unguja huenda na kisa kizuri na kibali cha kupiga picha.

Kati ya filamu 35 za Vugiri, zinazofahamika kuwa zimesalia ni tatu, mojawapo ikihusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro, na zimehifadhiwa Uingereza. Filamu za TFC na za Taasisi ya Picha na Sauti ni za umri mdogo zaidi, lakini mkanda hauna subira: joto na unyevu wa pwani huuozesha ukiwa umo koponi mwake. Bodi ya Filamu na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zina wajibu wa kuorodhesha kila mkanda uliopo, kuunakili kidijitali na kuuonyesha kwa wananchi ambao kodi zao ziliulipia, kabla waliozitengeneza filamu hizo hawajaondoka wote.